Wino Mwekundu

Miaka ishirini na sita nililinda chumba kile cha nyuma,
kituo cha afya, Ibra,
pasipo dirisha, kiyoyozi kikikohoa
kuwashinda wagonjwa wa benchini.
Mafaili elfu kumi na moja. Niliyajua kwa migongo:
lile lililomwagikiwa chai mwaka wa mafuriko,
lile la Bin Mbaruk, nene kama mto wa kulalia,
lile jembamba la mtoto ambaye simtaji.
Mtu akija hana namba, kadi kaisahau,
namwuliza, "Wewe wa nani?"
Akifika kwa babu yake, nami nimeshafika na faili.

Wakaja vijana wawili kutoka Maskati
na mashine yenye mwanga wa kijani chini ya kioo.
Wana adabu zao. Waliniita mama, walinifungulia mlango.
Ukurasa, mwanga. Ukurasa, mwanga.
Miezi mitatu, rafu zikabaki mbavu tupu,
nami nikapewa cheti, saa ya ukutani na keki.
Sikulia. Vumbi lile ndilo lililonipa pumu.

Sasa mgonjwa ni mimi.
Juu ya kiwiko wamenibandika kidude
mfano wa kifungo cha koti.
Kinasikiliza sukari yangu usiku na mchana,
kisha kinakwenda kuisema Mabela, kwa binti yangu Thuraya.
Nikilamba halua ncha ya kidole,
ncha tu, kahawa haijapoa, simu inalia:
"Mama, nini hicho?"
Nimeishi na majirani wa kila namna, Wete na hapa,
sijapata kuona mmbeya wa kuhamia ngozini.

Lakini usiku mmoja wa Rajabu, saa nane,
nikizama katika usingizi usiokuwa usingizi,
ni yeye aliyepiga kelele.
Thuraya akaamka huko, mwendo wa saa mbili kwa gari,
akampigia jirani, jirani akavunja komeo,
asali ikapakwa ndani ya shavu langu.
Mmbeya huyo namwombea dua kila alfajiri.

Ila kuna siku moja.

Nilikuwa kituoni nangoja zamu,
namba yangu ikipanda polepole kwenye kioo cha ukutani,
akaingizwa Nasra bint Hamdun kwenye kiti cha magurudumu,
homa imemkausha midomo, kauli imemtoka.
Sista Bindu, binti wa Kerala, vidole vyepesi kama pamba,
akasoma kompyuta yake: mzio, hakuna.
Akaivuta dawa ndani ya sindano.

Nami nikaliona, si kwa macho haya,
jalada la rangi ya udongo, pembe ya juu, kulia,
neno nililoliandika mwenyewe mwaka wa tisini na nne
kwa kalamu nyekundu, nikalipigia mistari miwili:
penisilini, hapana.
Mama yake alisimama mbele yangu siku ile, akitetemeka,
hakuondoka mpaka wino ulipokauka.
Wale vijana walipiga picha kurasa.
Jalada hawakulipiga.
Nani hupiga picha bahasha?

Nikanyanyuka na magoti yangu haya,
Kiarabu kikanikimbia, Kiingereza sikuwa nacho,
nikapaza lugha ya mama yangu:
"Ngoja!"
Bindu hajui Kiswahili hata salamu.
Mkono wake ukasimama hewani.

Baadaye alinivutia kiti karibu,
akanigeuzia kioo, akaandika herufi moja moja
huku akinitazama mdomo.
Kisanduku kidogo kando ya jina la Nasra
kikageuka chekundu.
Chekundu kilekile, wallahi,
kama kwamba kilikuwa kinaningoja nikilete.

Hapo simu ikalia mkobani. Mabela.
"Mama! Sukari imepanda ghafla, umekula nini?"

Sijala kitu, mwanangu.
Nilikuwa kazini.